Hilux 5L inachelewa kuchanganya: tukague nini kabla ya kushusha pampu?

Mleta mada, Kigamboni

Habari za leo, wadau wa jukwaa la magari.

Ninamiliki pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 2001, injini ya dizeli ya 5L isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini), gia za mkono, ambayo kazi yake kubwa ni kubeba saruji na vifaa vya ujenzi kutoka mjini kwenda Kigamboni na mara mojamoja Chanika. Kwa kipindi sasa gari limekuwa zito. Nikikanyaga mafuta, injini inachukua muda kuitika, na hata ikishaitika, mwendo unapanda polepole mno. Barabara ya Nyerere, ambayo ni tambarare, gari linahangaika kufikia mwendo ambao zamani lilikuwa likiufikia bila kujali mzigo, na kwenye mwinuko wa daraja la Kigamboni ninalazimika kurudi gia ya pili ilhali nilizoea kupanda kwa gia ya tatu.

Hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi, joto la injini ni la kawaida, na gari halikati moto. Tatizo halikuja siku moja. Lilikuja kidogo kidogo hadi dereva wangu naye akaanza kulalamika. Fundi wa gereji moja alilisikiliza kwa muda mfupi akahitimisha kwamba pampu ya dizeli imechoka na kwamba ishushwe ipelekwe kufanyiwa ukarabati. Kwa kuwa kazi hiyo ni ya gharama, nimeomba asubiri. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: je, kuna mambo ya kukagua kabla ya kukubali uamuzi huo?

Fundi wa dizeli, Tabata

Mkuu, pampu inaweza kuchoka, sikatai, hasa kwa gari la umri huo. Hata hivyo, katika injini hizi pampu inapaswa kuwa kitu cha mwisho kuguswa, kwa sababu dalili zote ulizoeleza zinaweza kuletwa na vitu vya bei ndogo vilivyo kabla yake.

Tuelewane kwanza namna injini yako inavyopata nguvu. Injini ya petroli hudhibitiwa kwa kufungua na kufunga hewa, lakini 5L hudhibitiwa kwa kiasi cha dizeli kinachopulizwa ndani ya silinda. Pedali unayokanyaga inavuta waya, waya unavuta mkono ulioko juu ya pampu, na mkono huo ndio unaoiamuru pampu iongeze dizeli. Kwa hiyo gari likiwa zito, ama amri haifiki kamili kwenye pampu, ama dizeli haifiki ya kutosha, ama hewa haiingii, ama dizeli inafika lakini haiungui vizuri. Kuna na jambo la tano ambalo watu hulisahau: injini ni nzima kabisa ila kuna kitu kinalishika gari.

Anza na waya, kwa kuwa ukaguzi wake ni bure. Zima injini, mtu mmoja akae ndani akanyage pedali hadi mwisho kwa mguu wenye kiatu kama anavyoendesha, na wewe uangalie ule mkono wa pampu. Mkono huo unapaswa kugusa skrubu ya kikomo. Ukiona umebaki upenyo, hata mdogo, basi gari lako halijawahi kupata mafuta kamili tangu waya huo ulipolegea. Mara nyingi kisa ni zulia la sakafuni. Watu huweka zulia juu ya zulia hadi pedali inagota mapema. Sababu nyingine, kwenu Kigamboni hasa, ni chumvi ya bahari, ambayo hula waya ndani ya ganda lake hadi ukawa unakwama njiani. Rekebisha kwa zile nati mbili zinazoushikilia waya kwenye kipande cha chuma karibu na pampu. Usiguse skrubu za pampu yenyewe. Kisha hakikisha mkono unarudi wote pedali ikiachiwa, maana waya uliokazwa kupita kiasi utaifanya injini ingurume juu muda wote.

Baada ya hapo kagua breki na klachi. Endesha kidogo, simama bila kukanyaga breki kwa nguvu, kisha sogeza mkono karibu na kila ringi. Ringi moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki yake imeng'ang'ania, na nguvu ya injini inaishia kuisaga. Kuhusu klachi, weka gia ya nne kwenye mwendo mdogo ukanyage mafuta: injini ikipanda resi na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza.

Halafu nijibu swali hili, maana ndilo litakaloamua tuelekee wapi: ukikanyaga mafuta hadi mwisho ukiwa na mzigo mlimani, gari linatoa moshi? Wa rangi gani?

Msafirishaji, Mbagala

Ndugu mleta mada, usijisumbue sana. Sisi kwenye maegesho yetu gari likiwa zito tunamwita fundi anazungusha ile skrubu ya nyuma ya pampu kidogo tu, na gari linakuwa jepesi siku hiyohiyo. Ni kazi ya dakika chache.

Fundi wa dizeli, Tabata

Ndugu wa Mbagala, skrubu unayoizungumzia ndiyo inayopanga kiwango cha juu kabisa cha dizeli inayopulizwa injini inapokuwa chini ya mzigo. Ikizungushwa, ni kweli dereva atasikia tofauti kwa muda. Ila tazama kinachotokea. Kama tatizo la msingi ni dizeli kutofika kwenye pampu, kuipa pampu ruhusa ya kutoa kingi hakusaidii, kwa kuwa haina cha kutoa. Kama tatizo ni hewa, umeongeza dizeli isiyo na hewa ya kuiunguza, na matokeo yake ni moshi mweusi, matumizi makubwa ya mafuta na joto kwenye silinda. Injini za familia hii ya L hazivumilii joto. 2L-T ya tabo inajulikana kila mahali kwa kupasuka kichwa cha silinda. Skrubu ile hupangwa pampu ikiwa kwenye mashine ya kupimia, na ndiyo maana kiwandani hupigwa lakiri. Kuigusa barabarani kwa kusikiliza mlio ni kubahatisha na injini ya mtu.

Mleta mada, Kigamboni

Nashukuru kwa maelekezo. Nimefanya ukaguzi kama ulivyoagiza, na haya ndiyo niliyoyaona.

Mkono wa pampu haukuwa ukifika mwisho. Palikuwa na upenyo ambao ningeweza kupitisha kalamu ya risasi. Nimeondoa zulia la juu, nimekaza waya, na sasa mkono unagusa kikomo na kurudi vizuri. Gari limepata nafuu, lakini ndogo. Breki hazijang'ang'ania na klachi haitelezi.

Filta ya hewa nimeibadilisha ingawa dereva alikuwa akiipuliza kwa upepo mara kwa mara. Ndani ya kasha lake palikuwa na vumbi jekundu la kutosha kujaza kiganja, nadhani ni la njia za Chanika. Hata hivyo mabadiliko hayakuwa makubwa.

Kuhusu moshi, hakuna. Nimelipandisha gari darajani likiwa na mifuko ya saruji, pedali imekanyagwa hadi chini, na mtu aliyekuwa nyuma kwa pikipiki akiangalia bomba. Anasema hakuona moshi wa rangi yoyote. Mwanzoni nilidhani hiyo ni habari njema.

Niongeze mambo mawili ambayo sikuyataja awali. Asubuhi gari huzungusha starta kwa muda kabla ya kuwaka, tena likiwaka hutetemeka kidogo ndipo litulie. La pili, dereva anasema uzito unazidi tangi likiwa chini ya nusu.

Fundi wa dizeli, Tabata

Mkuu, hayo mawili uliyoyaongeza ndiyo yenye uzito kuliko yote, na kukosekana kwa moshi kunayaunga mkono.

Injini ya dizeli isiyo na tabo, ya umri huo, ikibebeshwa mzigo na kukanyagwa hadi mwisho, kwa kawaida hutoa angalau moshi mwepesi wa kijivu cheusi. Moshi mweusi mzito pamoja na gari kuwa zito maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa, au nozeli (vipulizio vya dizeli kwenye silinda) zinadondosha badala ya kupuliza. Moshi mweupe au wa samawati pamoja na uzito unatupeleka kwenye taimingi (wakati dizeli inapopulizwa), kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) au ringi za pistoni. Lakini gari zito lisilotoa moshi wowote lina njaa: dizeli haifiki ya kutosha.

Sasa kumbuka kwamba Hilux ya 5L haina pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ileile ya injini ndiyo inayonyonya dizeli kutoka nyuma ya gari, kupitia chujio dogo ndani ya tangi, mabomba ya chuma, vipande vya mpira, kisha filta. Njia yote hiyo iko katika hali ya kunyonya. Kwa hiyo mpira ukipasuka, dizeli haivuji nje mtu akaiona; badala yake hewa inaingia ndani, kama mtu anayenyonya dafu kwa mrija wenye ufa. Gari likilala usiku, dizeli inarudi tangini kupitia upenyo huo, na asubuhi starta inazunguka hadi njia ijae tena. Na tangi likiwa chini ya nusu, pampu inalazimika kunyonya kutoka chini zaidi, hivyo udhaifu wowote unaonekana zaidi. Pampu iliyochoka kwa ndani isingejali tangi lina kiasi gani.

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyote, nacho ni cha dumu. Tafuta dumu safi la lita 10, weka dizeli safi. Chomoa mpira unaoleta dizeli kwenye filta kutoka tangini, na mahali pake chomeka mpira mpya unaotoka kwenye dumu. Chomoa pia mpira wa marejesho unaotoka kwenye pampu, uuelekeze ndani ya dumu hilohilo, vinginevyo dumu litakuishia mapema huku dizeli ikirudi tangini. Lifunge dumu imara mahali palipo usawa na pampu au juu kidogo, mbali kabisa na bomba la moshi, na mdomo wake uzibwe kwa kitambaa ili lisimwagike. Bonyeza pampu ya mkono iliyoko juu ya filta hadi iwe ngumu chini ya kiganja, washa, kisha endesha mwendo mfupi kwenye barabara ileile unayoijua.

Gari likirudi katika nguvu zake, pampu yako ni nzima na ugonjwa uko kati ya tangi na filta. Likibaki zito, badilisha filta ya dizeli bila kuondoa dumu na ujaribu tena. Na kabla hujaanza, fungua kile kizibo cha chini ya filta uchuruze maji kwenye chombo cheupe uone kilichomo. Chunguza na ile pampu ya mkono yenyewe; mpira wake wa ndani hukauka na kupasuka, na wengi hubadilisha kila kitu kingine wakaiacha hiyo.

Mchangiaji, Kimara

Samahani kwa kuingilia kati. Je, haiwezekani tatizo likawa ni mafuta yaliyochakachuliwa? Ninavyokumbuka, miaka ya nyuma jambo hili lilikuwa kubwa.

Fundi wa dizeli, Tabata

Inawezekana, ndugu, ila si la kuanzia. Tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walipoanza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa mwaka uliofuata, faida ya kuchanganya mafuta ya taa na dizeli ilipungua sana. Madhara yake kwa injini hii ni makubwa kwa sababu pampu inalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Lakini gari lililokunywa dizeli mbaya hubadilika ghafla baada ya kujaza, na hili limezorota taratibu. Maji ni jambo la kuogopwa zaidi, hasa wakati wa masika.

Mmiliki wa 22R, Tegeta

Na mimi nina Hilux ya zamani zaidi, ya petroli, injini ya 22R yenye kabureta. Yangu ikishachanganya inakwenda vizuri, ila kila ninapokanyaga mafuta ghafla inasita kwanza kama inataka kuzima, kisha inaruka. Je, kipimo hicho cha dumu kinanihusu?

Fundi wa petroli, Ilala

Naomba nimjibu huyu. Hapana, mkuu, lako ni tofauti. Gari linalosita pale tu unapokanyaga na kisha kwenda vizuri, shaka ya kwanza ni pampu ndogo iliyo ndani ya kabureta, ambayo kazi yake ni kurusha petroli ya ziada pale hewa inapofunguliwa kwa ghafla. Zima injini, iache ipoe, ondoa kifuniko cha filta ya hewa, na uangalie ndani ya mdomo wa kabureta mchana kweupe, bila sigara wala moto wowote karibu. Vuta mkono wa kabureta kwa haraka. Unapaswa kuona mrusho mwembamba wa petroli wakati uleule. Mrusho ukichelewa, au petroli ikidondoka badala ya kuruka, kikombe cha mpira cha pampu hiyo kimekauka au njia yake imeziba, na vifaa vya ukarabati wa kabureta vinauzwa maduka mengi ya spea hapa Gerezani. Mrusho ukiwa mzuri, angalia mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye distribyuta. Ukiwa umepasuka, moto wa plagi hauwahi inavyotakiwa na gari husita vilevile.

Mchangiaji, Kimara

Swali la mwisho kutoka kwangu. Nina gari la injini ya dizeli ya 3L, isiyo na tabo, ambayo hapa Dar haina neno, lakini nikienda Iringa kwa shughuli inakuwa nzito na kutoa moshi. Nikirudi, inapona yenyewe.

Fundi wa dizeli, Tabata

Hilo si tatizo la kurekebisha. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi huku pampu ikiendelea kutoa dizeli ileile. Ndiyo sababu ya huo moshi. Rudisha gia mapema na usilikamue.

Mleta mada, Kigamboni

Wadau, ninaleta mrejesho.

Nilichuruza kizibo cha filta kwanza, na kikombe kilipata maji kidogo chini ya dizeli pamoja na chembe za rangi ya kutu. Kisha tukafunga dumu kama ilivyoelekezwa. Tofauti ilionekana kabla hata hatujatoka kwenye geti: nikigusa pedali, injini inaitika. Tulipanda daraja na mzigo kwa gia ya tatu, na dereva akasema hilo ndilo gari alilokabidhiwa. Baada ya hapo tulirudisha mpira wa tangi, na uzito ukarudi palepale.

Tukashusha tangi. Mpira mfupi ulioko juu yake, ule usioonekana bila kulishusha, ulikuwa umepasuka chini ya klipu. Ukiukunja, ufa unafunguka. Lile chujio dogo la kwenye mrija wa kunyonyea lilikuwa limefunikwa na utando mweusi wa kuteleza uliochanganyika na kutu, kiasi kwamba nilipopuliza kwa mdomo hewa haikupita vizuri. Tangi limeoshwa, likakaushwa, mipira yote ya njia hiyo imebadilishwa pamoja na klipu zake, na filta ya dizeli ni mpya. Pampu haikuguswa.

Sasa gari linachanganya. Asubuhi linawaka kwa mguso mmoja. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, nikikanyaga hadi mwisho nikiwa na mzigo, sasa unaonekana moshi mwepesi mweusi ambao haukuwepo. Pili, fundi aliyenisaidia aliweka kipande cha mpira mwangavu kabla ya filta ili tuone kama kuna mapovu, na hatujayaona. Je, nikiache hapo?

Fundi wa dizeli, Tabata

Moshi mwepesi unaotokea pedali ikiwa chini na kupotea gari likishachanganya ni wa kawaida kwa 5L. Unaonyesha kwamba dizeli sasa inafika. Moshi ukiendelea kuwa mzito hata kwenye tambarare, peleka nozeli zikapimwe. Injini za familia hii hufungua nozeli kwenye shinikizo la takribani baa 150, na nozeli nzima hutoa ukungu sawia na kukata bila kudondosha. Siku hiyohiyo wapime tapeti (upenyo wa valvu), injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa ziwe kati ya milimita 0.20 na 0.30, za kutoa moshi kati ya 0.40 na 0.50. Na kama hujui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, ubadilishe. Muda wake ni kilomita 100,000, na ukikatika, pistoni na valvu zitagongana. Msimamie fundi wakati huo alama zote zikae mahali pake, kwani jino moja likirukwa kwenye puli ya pampu, gari litarudi kuwa zito na mtaanza kulaumu tangi tena.

Kuhusu mpira mwangavu, utoe. Ni wa kupimia tu. Joto la injini na dizeli huugeuza kuwa mgumu, hupasuka kwenye klipu, nawe utakuwa umejiwekea ufa mpya mahali pa ule wa zamani. Weka mpira wa dizeli wenye nyuzi ndani, wa kipenyo kilekile, na klipu zisizokata.